Niliuita Mji Mbaya Nisiupoteze

Wewe unayesoma, sogea karibu kidogo, maana hili sitaki kulisema kwa kupaza sauti. Nimekosa! Sikukosa kwa bahati mbaya, wala hakuna aliyenisukuma. Niliwasema vibaya watoto wa watu waliokuwa wakinipenda, na niliwasema huku nnacheka.

Na kabla hujanilaumu, jua na hili: mie pia nimesalitiwa. Nimesalitiwa na mtu niliyemfundisha kwa mikono yangu, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinawaka moto. Lakini ngoja nikueleze tangu mwanzo, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mwisho utaamua mwenyewe nani alianza.

Mie ni mwalimu wa udereva hapa Maskati. Nnakaa Mabela, na nnafundisha wanawake. Gari langu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu, na hiyo ya kwangu huwa siikanyagi mpaka iwe hapana budi. Kazi hii haitaki hasira. Mwanafunzi akirudi nyuma akagonga pipa, namwambia, "Hamna neno, mama. Pipa halina roho. Tazama kioo, turudie."

Ndivyo nilivyompata Nekesa. Ni Mkenya, msaidizi katika shule ya chekechea kule Al Khuwair. Alipokuja kwangu alikuwa anashika usukani kama mtu anayeshika nyoka. Mtihani wa mapipa, ule wa kurudi nyuma kati yake bila kuyagusa, ulimtoa machozi si mara moja. Nikawa nampeleka kiwanjani hata siku ambazo si zake, namwekea mapipa, namwambia, "Usilitazame pipa. Tazama pale unapotaka kwenda." Alipofaulu alinikumbatia palepale mbele ya askari wa mtihani, kisha kesho yake akaniletea mandazi ndoo nzima.

Toka siku ile akawa ananiita mwalimu, nami namwita mwanangu, ingawa simzidi kwa miaka mingi. Sikukuu anakula kwangu. Kanisani kwao wakiwa na karamu, ananifungia sahani.

Lakini kilichotuunganisha khasa ni mpira. Nekesa alicheza mpira wa wavu alipokuwa shule kwao. Mie nililelewa Sib pamoja na kaka zangu, na mpira wowote unaopigwa, kwa mguu au kwa mkono, lazima nisimame nitazame. Mume wangu hapendi kabisa. Jumamosi akiniona nafunga mtandio tu, anauliza, "Haya, leo mji gani?"

Anauliza mji gani kwa sababu sisi tulikuwa hatufuati timu kubwa. Timu kubwa utaziona hata kwenye televisheni. Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye miji yenye vyuo, kutazama wanafunzi wakicheza. Nikueleze kwa nini. Mji wenye chuo, hata ukiwa mdogo, una damu changa. Muuza juisi anamjua golikipa kwa jina. Muuza mishkaki anajua nani ameumia goti na nani ameachwa nje kwa kufeli hesabu. Ukiingia siku ya mechi unahisi umeingia harusini, na hakuna anayekuuliza umealikwa na nani.

Tukirudi, nilikuwa natoa taarifa. Tuna kundi letu la wanawake kwenye simu. Wengine ni sisi wa Omani tuliolelewa kwa Kiswahili cha Unguja, wengine ni Wakenya wanaofanya kazi hapa. Kundi lilianza kwa mapishi na habari za mtihani wa udereva, likaishia kwenye mpira. Kila wiki mtu anauliza, "Bibie, tuwapeleke watoto wapi Jumamosi?" Nami narikodi sauti yangu, naeleza.

Niliwafundisha kwamba mji wa kutembelea haupimwi kwa ukubwa wa uwanja. Unapimwa kwa mlango. Nani anakufungulia, anakukalisha wapi, na timu yake ikifungwa anakutazama vipi. Kisha ndiyo uangalie kivuli, choo cha wanawake, na pa kula.

Kwa hivyo nikawaambia, Sohar nendeni mkitaka kelele. Vijana wana ngoma, na ngoma zile zinaingia mpaka mbavuni. Ila mkichelewa mtaegesha gari mbali, mtembee na jua utosini. Nizwa nendeni Ijumaa asubuhi muone mnada wa mbuzi, mchana mpumzike, mpira ni jioni. Mashabiki wake ni watulivu. Bao likiingia wanapiga makofi kama watu walio mbele ya wakwe. Sur kuna upepo wa bahari na watu wakarimu, lakini njia ni ndefu, na wakicheza mpira wa wavu nje, upepo unakuwa mchezaji wa saba.

Watu walikuwa wakicheka, wakienda, wakirudi wakisema, "Kama ulivyotwambia!" Sikumpendelea mtu. Neno langu lilikuwa linaaminika. Likumbuke hilo, maana ndilo nililolitumia vibaya.

Sasa nije kwenye mji wenyewe.

Ni mji mdogo, umekaa milimani. Chuo chake kina ukumbi wa michezo, na Jumamosi alasiri timu ya wasichana ilikuwa inacheza mpira wa wavu, mlango wazi kwa wanawake na watoto tu. Siku ya kwanza tulikwenda mie na Nekesa. Tulikuwa tunasitasita mlangoni, tunanong'onezana Kiswahili, mara msichana mrefu akatugeukia.

"Karibuni, karibuni! Mbona mnasimama kama wadai?"

Lo! Kiswahili safi cha Unguja! Jina lake Thuraya, nahodha wa timu. Alikipata kwa bibi yake. Tulipotaka kukaa nyuma, akatukataza.

"Mgeni hakai nyuma ya nguzo. Mbele, hapa. Kahawa inakuja."

Na kahawa ikaja kweli, na tende, na yeye akakimbilia uwanjani. Mchezo ukaanza. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye kila akiruka anaangukia kwenye wavu. Mie nikajisahau, nikadhani niko garini, nikapiga ukelele, "Breki! Breki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka refa!

Siku ile walifungwa. Na baada ya kufungwa, wakapanga mstari, wakaja kutusalimu mmoja mmoja, jasho linawatiririka. "Asante kwa kuja, Bi Breki." Nimekwenda miji mingi, nimeona timu nyingi zikishinda na kuwakumbatia wageni. Hiyo ni rahisi. Timu iliyofungwa ikaja kumshukuru mgeni, niliiona pale tu.

Jumamosi iliyofuata nilipoingia mlangoni, waliimba. "Bi Breki! Bi Breki!" Mtu wa umri wangu, kuimbwa! Nilirudi Mabela kama bibi harusi.

Nekesa yeye alipangiwa kazi za Jumamosi kule chekechea, ikawa haji tena. Nikawa nakwenda peke yangu. Na hapo ndipo shetani aliponikuta.

Kundi likauliza, "Bibie, siku hizi unapotelea mji gani? Tuambie na sisi!"

Nikuambie kitu kuhusu bibi yangu aliyetulea. Akienda kutazama mtoto mchanga, akimwona mzuri, mnene, macho kama nyota, anakunja uso anasema, "Lo! Kibaya hiki! Kimekaa kama tumbili!" Na mama wa mtoto anatabasamu, anashukuru. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Kizuri ukikisifu mbele za watu, kijicho kitakiona, kitakipiga. Kwa hivyo unakiita kibaya, kikae salama. Ni mapenzi yaliyovaa nguo mbovu.

Basi nami nikabonyeza nikarikodi.

"Huko milimani msiende, shoga zangu! Ukumbi una joto kama tanuri, viti vinauma mifupa, na hao wasichana wenyewe mpira hawaujui. Ukija wanaukimbia kama kuku!"

Nilicheka mpaka mwisho. Watu wakacheka. Mtu akaandika, "Asante kwa kutuokoa petroli."

Kisha nikamtumia Nekesa sauti nyingine, yeye peke yake.

"Nekesa mwanangu, usiyasikilize hayo. Ule mji ndio wa kwanza, kuliko Sohar, kuliko Nizwa, kuliko kote. Wale watoto wana roho ambayo sijaiona pengine. Nnauficha, wasije wakauvamia."

Hakukawia akanipigia.

"Sasa mwalimu, mbona umewaponda hivyo?"

"Sijawaponda. Nimewakinga."

"Na nini?"

"Na macho ya watu."

"Haya. Sisi kwetu tukipenda timu tunapiga kelele mpaka jirani aamke."

"Nyinyi hamjui kijicho. Hii siri yetu, umesikia?"

"Siri yetu, mwalimu."

Siri yetu! Alisema kwa kinywa chake. Uyakumbuke na hayo.

Nikwambie ukweli ambao sikujiambia siku ile. Nusu ya maneno yangu ilikuwa ya bibi yangu. Nusu ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Nilitaka kuimbwa peke yangu. Nilijua wakija wengine, kiti cha mbele kitakuwa cha watu wengi, na mimi nitakuwa mama mmoja kati ya kina mama. Uchoyo, mwenzangu! Uchoyo umejifunika kanga ya mila!

Na bado pengine yangekwisha kwa kicheko. Lakini Jumamosi ya baadaye, baada ya mchezo, Thuraya alinisindikiza mpaka kwenye gari.

"Bi Breki, nna ombi. Huu mlango kufunguliwa kwa wageni ni majaribio tu. Msimamizi wetu wa michezo amesema familia zikija, utabaki wazi. Zisipokuja, turudi kucheza wenyewe na kuta."

"Yarabi! Kumbe!"

"Mie naona wewe ndiye mwenye watu. Waambie watu wako wa Maskati waje. Hata wachache. Tukiona viti vina watu, tunacheza vingine kabisa."

"Nitawaambia, mwanangu."

Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni. Nikaendesha mpaka Mabela nikipanga nitasema nini. Nilipofika nikaishika simu. Nikaiweka. Kusema "njooni" kulitaka kwanza niseme "nilidanganya". Nikajipa moyo kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama mji ni mzuri, si watu wataujua wenyewe?

Watu wataujuaje, na mie nimesimama njiani nimewaambia wasipite?

Haikupita wiki, Bi Zuwena akauliza kwenye kundi. Bi Zuwena ni mwenzetu wa Sib, mwenye mdomo kuliko sote. Alisema, "Tumepata basi dogo, sisi na watoto. Twende mji gani Jumamosi? Wale wasichana wa milimani vipi, hawajajifunza mpira bado?"

Hapo, mwenzangu! Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu. Neno moja tu lilitosha.

Nikaandika, "Nendeni Sohar."

Nimekwambia gari langu lina breki ya pili. Siku ile niliikanyaga kwenye gari za watu wote, na wao hawakujua kwa nini wamesimama.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya majaribio. Nekesa alipata ruhusa, tukaenda wote. Kuingia ukumbini, viti vyote vitupu, ila mama mmoja na watoto wake, jamaa wa mchezaji. Msimamizi amesimama pembeni ya mlango, mikono ameifumbata, anavitazama viti. Thuraya akaja mbio, uso umechanua.

"Bi Breki! Na dada naye amekuja! Wengine wako njiani?"

Nekesa akauliza, "Wengine nani?"

"Si watu wa Bi Breki wa Maskati! Tunawangoja tangu siku ile. Wasipokuja leo, mlango unafungwa."

Nekesa akanigeukia. Sitausahau ule uso. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Mchezo mzima, kila mpira ukitoka nje, Thuraya alikuwa anatazama mlango. Mlango, mpira, mlango, mpira. Seti ya mwisho waliipoteza. Na bado walipanga mstari, wakaja kutusalimu. "Asante kwa kuja, Bi Breki." Hakuna aliyeimba.

Njiani Nekesa alikuwa anaendesha, mie nimekaa upande wangu wa kazi. Tulikuwa hatujatoka hata milimani akaanza.

"Mwalimu, wale watoto walikuomba ulete watu?"

"Waliomba."

"Na wewe ukawaambia watu wasikuje?"

"Nilikuwa nimeshasema kabla sijaombwa. Na ile ni mila yetu, Nekesa. Kizuri hakisifiwi ovyo."

"Sawa, mila yenu naiheshimu. Lakini bibi yako akisema mtoto mbaya, alikuwa anamnyima maziwa?"

Nikasema lile la mtu aliyekosa. "Wewe endesha. Tazama kioo."

"Kioo natazama, mwalimu. Wewe ndiye hutazami."

Kesho yake nilikuwa jikoni, simu ikaanza kulia kama imepandwa na jini. Nafungua kundi, nasikia sauti yangu mwenyewe. "Nekesa mwanangu, usiyasikilize hayo. Ule mji ndio wa kwanza..."

Sauti yangu ya siri! Ameirusha kwa watu wote!

Chini yake alikuwa ameandika, "Dada zangu, hii ndiyo taarifa ya kweli. Mlango wao unafungwa kwa sababu hakuna mtu ameenda. Mnisamehe kwa kuchelewa."

Kisha ikawa vurugu.

"Kumbe mwalimu wa udereva alikuwa anatuendesha rivasi!" Huyo Bi Zuwena, nani mwingine.

"Sisi tumechomeka na jua huko Sohar, kumbe mwenzetu yuko ndani anakunywa kahawa!" Huyo Mkenya mmoja anayefanya kazi saluni.

"Jamani, bi mkubwa alikuwa anakinga kijicho," mtu akajaribu kunitetea.

"Kijicho kipi? Mtoto mchanga huyo, au timu ya mpira?"

Nilimpigia Nekesa.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Mwalimu, ni sauti yako. Sikuongeza hata neno."

"Ulisema siri yetu! Ulisema!"

"Nilisema." Sauti yake ilikuwa chini. "Na hapo nimekukosea, naomba msamaha. Lakini mimi nilikuwa na wewe na wao, na wao hawakuwa na mtu mwingine."

Nikakata. Nikamfungia asinipate tena.

Sasa sikiliza. Nimefikiri sana juu ya neno usaliti. Mtu wa mbali hawezi kukusaliti, atakuumiza tu. Kukusaliti lazima akujue unakunywa chai ya namna gani. Mie Nekesa nilimshika mkono ulipokuwa unatetemeka. Nilimfuta machozi kwenye usukani. Watoto wangu walikuwa wanamwita khaloo, yaani mama mdogo. Angeweza kunitisha. Angeweza kusema, "Mwalimu, waambie leo, la sivyo nitawaambia mimi." Angenipa hata siku moja! Hakunipa. Alichukua maneno niliyomkabidhi yeye peke yake, akayamwaga sokoni.

Hilo bado linaniuma, sitakudanganya. Siri ni amana.

Lakini jioni ya siku ileile ujumbe ukaingia, si wa Nekesa. Ulikuwa wa Thuraya. Kwenye kundi mna shangazi yake, kumbe, na sauti zangu zote zimemfikia. Aliandika hivi:

"Bi Breki, nimezisikia zote mbili. Ile ya kwanza haikuniuma. Bibi yangu pia alikuwa ananiita mbaya. Lakini ile ya pili, kwa nini ulimwambia mtu mmoja tu?"

Basi. Hakunitukana. Hakusema kingine.

Nilikaa kitandani na simu mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa ile ya kwanza. Nilikuwa na mila, nilikuwa na bibi, nilikuwa na kijicho. Kwa ile ya pili sikuwa na kitu. Na ndipo nilipoona kwamba amana iliyovunjwa kwanza haikuwa yangu. Yule mtoto aliniomba machoni, nikamjibu machoni, nikamwacha anatazama mlango. Nekesa alinisaliti mie. Mie niliisaliti timu nzima, tena walikuwa wananiimba!

Na dawa ya kijicho ilikuwepo siku zote! Bibi yangu huyohuyo, akishamwita mtoto tumbili, alikuwa anamshika kichwa na kusema taratibu, "Mashallah." Neno moja. Ningesema, "Mashallah, nendeni mkaone," yakaisha. Mie nilichukua tumbili, nikaacha Mashallah.

Sikumjibu Thuraya. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.

Mlango wa ukumbi ulifungwa kwa wageni, kama walivyoambiwa. Jumamosi zangu zikawa za kukaa na mume wangu, naye kwa huruma akaanza kuwasha mpira kwenye televisheni, yeye asiyeupenda. Hilo nalo liliniliza.

Siku moja nnafundisha msichana wa Mabela, binti wa mmoja wa wanawake wa kundi. Anarudi nyuma kati ya mapipa, vizuri kabisa, hata sina la kumkosoa. Akanambia hivi hivi, macho kwenye kioo:

"Mwalimu, juzi mbona hukuja?"

"Wapi?"

"Kule milimani. Si tulikwenda wote, basi zima. Nekesa alikuwa mbele na gari lake anatuonyesha njia. Mlango haukufunguliwa, tukakaa pale pa kuegesha magari. Mama na wenzake wakawa wanapiga vigelegele nje, wasichana wakatusikia kutoka ndani. Mchezo ulipokwisha wakatoka, tukala vitumbua wote. Mpaka msimamizi akatoka kuuliza, nyinyi ni nani? Akasema msimu ujao Jumamosi ya kwanza watafungua tena, waone."

Nilikanyaga breki. Ile yangu. Gari likasimama ghafla, msichana akaruka kwenye kiti.

"Mwalimu! Nimekosa wapi?"

"Hujakosa, mama," nikamwambia. "Nimekosa mie."

Walikwenda basi zima, na hakuna aliyenambia! Bi Zuwena hakunambia. Nekesa, niliyemfundisha kutazama pale anapotaka kwenda na si pipa, alikuwa mbele anaongoza njia niliyomwonyesha mie. Walipiga vigelegele nje ya mlango uliofungwa, na mie niliyekuwa nafunguliwa nilikuwa kwangu Mabela nakunja nguo.

Sikumlaumu mtu. Walinifanyia nilichowafanyia wao.

Kwa hivyo nakuonya wewe, kwa mapenzi. Ukipata mahali pazuri, usipafiche ukadhani unapalinda. Timu haiibwi kwa kutazamwa. Inakufa kwa kutotazamwa. Na ukiwa na maneno mawili, la kejeli na la kweli, usiwape wengi la kejeli ukamnong'oneza mmoja la kweli. Na wewe uliyepewa siri ya mtu, ikiwa siri ile inaumiza wengine, mrudie kwanza mwenyewe. Mpe siku moja. Mie ningeitaka hiyo siku.

Nekesa nimemfungulia tena kwenye simu. Hajapiga, na mie sijapiga. Tumefanana.

Jina la mji hata nikilitaja, mhariri wa ukurasa huu ataliondoa, na ni haki yake. Basi nakupa njia, hiyo ndiyo kazi yangu. Msimu ukianza, Jumamosi ya kwanza, chukua mwanamke mwenzio ambaye hajawahi kufika, na watoto wenu. Toka Mabela, shika barabara kuu ya Batina, bahari iwe kulia kwako. Ukifika Barka pinda kushoto, uiache bahari mgongoni. Utaipita Nakhal na ngome yake. Usisimame, endelea mpaka milima ikuzunguke na mji uanze. Uliza chuo, kila muuza juisi anakijua. Mlango wa wageni uko upande wa mitende. Ingia, kaa mbele, usikae nyuma ya nguzo. Ukimwona msichana mrefu anatazama mlango, mwambie umeisikia ile ya pili.